Mama Pumzi Anaondoka, Mitungi Imetangulia

Tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, ambaye hospitali nzima humwita Mama Pumzi, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kumwandikia mimi, dereva wa lori la mitungi. Wasomi hapa wamejaa tele, lakini mwanamume aliyesubiriwa na mama huyu kuliko hata mumewe ni mmoja tu, nami ndiye.

Alipoanza, wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na mtungi mmoja wa oksijeni, ukisukumwa kwa toroli kutoka mtoto huyu hadi yule. Vitanda vikaongezeka, mitungi ikaongezeka, lakini pumzi bado ilitoka mbali kwa lori langu. Mvua ikikata barabara, mama hakai wala hali. Geji nyingi za kuonyesha oksijeni iliyobaki zilikuwa zimekufa, basi akawa anatembea na spana mfukoni, anagonga mtungi na kutega sikio. Fundi akamweleza kwamba hicho si kipimo. Akajibu kuwa anajua sana, ila mikono ikikaa bure, moyo unapiga zaidi.

Miaka miwili iliyopita alitakiwa apumzike. Akaomba mkataba wa nyongeza, akisema hawezi kulala kwake huku watoto wa watu wanasubiri lori. Mumewe, fundi cherehani, alimlalamikia kila aliyekuja kupimwa suruali kwamba yeye aliposa mke, akaletewa zamu. Mama Pumzi hakujali. Aliganda mlangoni kwa mganga mkuu kama kupe, hadi tukajengewa mtambo wetu wenyewe, unaovuta hewa ya hapahapa uani na kupeleka oksijeni kwa mabomba, kila kitanda na tundu lake ukutani.

Mazoea yana taabu jamani! Siku ya kwanza alichomoa spana, akagonga ukuta, akatega sikio. Bibi wa mgonjwa mmoja akamuuliza kwa upole anambishia nani hodi humo ndani. Wodi ilicheka, hata waliokuja kuchomwa sindano.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado. Mwezi uliopita nilikwenda kufuata mitungi ya akiba, mto ukabeba daraja. Pamoja na umahiri wangu unaojulikana kote, nikakwama ng'ambo siku nne, roho mkononi, maana wodi ilikuwa imejaa watoto wenye nimonia. Nikasikia na umeme umekatika. Nikapiga simu. Akapokea muuguzi mwenzake, akanionya nisiwapigie kelele: jenereta linanguruma, mtambo unafanya kazi, watoto wote wanapumua vizuri, na Mama Pumzi amesinzia kitini, mdomo wazi, mchana kweupe.

Nilicheka peke yangu kando ya mto hadi watu wakanikwepa. Mama huyu kusinzia huku barabara imekatika? Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu, akamwambia sasa yuko tayari kwenda nyumbani.

Asante, mama, kwa kila mtoto aliyetoka hapa akikimbia. Mungu akupe afya, umri mrefu na usingizi mnono. Miaka yote tulikuomba usituache. Leo, kwa furaha na bila wasiwasi hata kidogo, tunakwambia: nenda, tutaweza.