Gari Ni la Nani?

Ndugu waombolezaji, kaka yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha biashara, akapata cheti cha uhasibu Novemba 1982, na Januari iliyofuata akaajiriwa kuwa karani wa hesabu katika ghala la mbolea, alikokaa hadi lilipofungwa.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na mkewe, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa mabinti watatu, wote wako hapa.

Mwaka 1998 alikodi chumba nyuma ya kinyozi, akaanza kazi iliyomjulisha kwenu, kuandaa na kuwasilisha taarifa za mapato na matumizi ya kampeni za wagombea udiwani, wa chama chochote, na kila aliyeketi kwenye benchi lake aliulizwa kwanza, kabla ya risiti, kabla hata salamu haijakolea, gari unalozungukia ni la nani, maana watu hukumbuka fulana na vipaza sauti, lakini gari la kuazima huona si mchango, wakamtania wakamwita Mzee Gari-la-Nani, naye hakuweka saini mpaka ajibiwe.

Mara moja tu hakuuliza. Mgombea alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa kula naye sahani moja, na tarehe 20 Oktoba 2015 alimpakia katika gari lake la kampeni, wakaenda pamoja kuwasilisha taarifa ofisi ya uchaguzi, wakicheka njia nzima, naye akaona haya kumhoji mtu wa nyumbani. Gari lilikuwa la mkandarasi, ambaye baadaye alipewa kazi ya kujenga soko. Malalamiko kwamba gari halikutajwa yalipofika ofisini, mwenye saini ndiye aliyebanwa, akafungiwa kazi, na shemeji, diwani tayari, akakiambia kikao cha uchunguzi, "Mimi hesabu sizijui, muulizeni mtaalamu."

Tumeshauriwa tuiruke sehemu hii. Haturuki.

Marehemu hakudai fidia, alitaka tu shemeji aende ofisini aseme, nilimficha, basi. Alingoja, benchi likashika vumbi, waliomtania wakawa wanavuka barabara wakimwona, na kiharusi kilipompata, tarehe 2 Mei mwaka huu, maneno machache aliyobaki nayo yalikuwa kuuliza kama shemeji amekuja. Hakuja. Alifariki tarehe 9 Agosti, mkewe akiwa amemshika mkono, na jina lake bado liko ofisini miongoni mwa waliofungiwa.

Asubuhi hii diwani ametuma gari la kubebea jeneza. Mjane alitoka mlangoni, akamuuliza dereva, "La nani?" Dereva akatazama viatu vyake. "Basi rudi nalo, mwanangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani, wahasibu wenzake wachache waliothubutu kuja, na zaidi ninyi mliopokezana kumbeba mabegani kwa miguu mpaka hapa. Kaka, jina lako tumeshindwa kulisafisha, lakini mabega yaliyokuleta tunajua ni ya nani. Pumzika sasa, kuuliza tumebaki nako sisi.