Marehemu Flavia Ntirandekura na Bendera ya Mji wa Watu

Marehemu Flavia Ntirandekura alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 huko Nyanza-Lac, Burundi. Shule alikomea darasa la tatu. Mwaka 1972 familia ilikimbilia Uvira, Kongo, na huko masista wakamfundisha cherehani.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Zenoni, mtu asiyeamini upesi. Siku ya posa Zenoni alikataa pombe ya wakwe, asije akawekewa kitu. Flavia alimpokonya kibuyu, akanywa mbele ya wazee. “Haya, nimekufa?” Wakaoana.

Mwaka 1996 vita viliwatoa tena, wakaenda Tanzania, kambi ya Mtabila. Njiani walifungiwa geti la mpakani siku mbili, mvua juu yao. Hapo nje walimzika mtoto wao mdogo, Karoli.

Septemba 2008 walifika Louisville, Marekani, wakapanga mtaa wa South End. Flavia alipata kazi kwenye karakana ya kushona bendera. Asubuhi alipitiwa na gari la Gaudiosi, aliyekaa naye kazini mashine kwa mashine. Zenoni alisimama dirishani mpaka gari lipotee.

Mwaka 2019 Zenoni alikuta bendera chini ya nguo za ibada za mkewe. Nyekundu na nyeupe, na katikati nembo: minara miwili, lango, ufunguo.

“Ya nani hii, Mama Fides?”

“Ya mji wa watu.”

Akaikunja, akairudisha chini ya nguo. Zenoni hakuuliza tena, ila kila Jumamosi aliangalia kama imesogezwa. Fides alipiga simu kutoka Columbus: “Baba, hiyo ni ya Freemason.” Medard naye, kutoka Buffalo: “Choma.” Hakuchoma. Usingizi pia hakuupata.

Mwaka 2022 figo zilimshinda marehemu. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Zenoni alimhoji muuguzi kila mrija unakwenda wapi. “Muache binti wa watu afanye kazi,” Flavia alimwambia. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi, matangani, bendera ilitolewa ichomwe mbele ya wazee wa kanisa. Gaudiosi akaidaka.

“Mzee, hii ni nembo ya mji wa zamani wa Ujerumani! Iliagizwa na watu ambao babu zao walitoka huko. Kwenye picha waliyotuletea lango limefungwa. Mama alilishona wazi, msimamizi akaikataa. Nikamwambia afumue. Akaitia mkobani, akasema, ‘Mimi lango la kufungwa sishoni. Karoli wangu alibaki nje.’”

“Mbona hakuniambia?”

“Alisema ukisikia jina la Karoli huli wiki nzima.”

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Fides wa Columbus na Medard wa Buffalo, na wajukuu saba. Karoli alimtangulia.

Bendera mnayoiona juu ya jeneza, Zenoni ameitandika mwenyewe. Hakumuuliza mtu.

Pita, Mama Fides, ukapumzike kwa amani. Lango liko wazi.