Mwalimu Aldo Bressan, Aliyefika Herufi ya L

Marehemu Mwalimu Aldo Bressan alizaliwa Ingham, kaskazini mwa Queensland, tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa pili wa Mzee Tullio, mkata miwa kutoka Veneto, na Mama Ines. Mto ulikuwa umejaa, mkunga akakwama ng'ambo, na mama akajifungulia jikoni juu ya meza ya kukandia unga. Aldo alipenda kujigamba kwamba alizaliwa kama mkate. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni Mervyn Hallinan, kaka wa mkewe, na kwa miaka ishirini na saba nilifundisha kuchomelea katika karakana iliyopakana na yake. Dada yangu Noreen ameniomba nisiseme maneno ya kutisha mbele ya wajukuu. Nimejaribu kuyaondoa, dada, nikabaki na karatasi tupu.

Alisoma kwa masista hadi akafikisha miaka kumi na minne. Sista mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba mikono ya mtoto huyu inafikiri vizuri kuliko kichwa chake. Mzee Tullio, ambaye Kiingereza hakikumkaa, alidhani ni sifa akaitundika sebuleni, na pale ilikaa mpaka nyumba ilipouzwa. Mwaka 1959 Aldo alianza uanagenzi kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, akahitimu ufundi wa magari mwaka 1964.

Tarehe 11 Oktoba 1969 alifunga ndoa na Noreen, aliyekuwa karani wa posta. Alikuwa amemtengenezea gari mara nne kwa ubovu uleule, na dada yangu akaja kugundua kwamba mara tatu kati ya hizo gari lilikuwa zima kabisa. Baba yetu hakufurahi. Baadaye alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na hilo nilishamsamehe.

Januari 1970 aliajiriwa na chuo cha ufundi hapa Townsville, akafundisha breki hadi alipostaafu mwaka 2004. Mtihani wake wa mwisho wengi wenu mnaukumbuka. Mwanafunzi alifungia gari breki mpya, kisha akamwendesha mwalimu kutoka kileleni mwa mlima wa Castle Hill hadi chini, na Aldo alikaa kiti cha mbele amefumba macho, anakula mkate na salami. Warren Pickering, umekaa pale nyuma, ulilia siku yako.

"Mwalimu, fumbua macho basi!"

"Ya nini? Breki umefunga wewe. Au kuna jambo unataka kuniambia kabla ya kona?"

Sasa nafika kwenye vumbi. Siku hizo ukifungua breki ya gurudumu unakuta vumbi jepesi, la kijivu, limejaa ndani. Aldo alikuwa mtu wa usafi. Aliwafundisha kushika mpira wa kompresa, ile mashine ya upepo, na kulipuliza lote mpaka chuma king'ae, na asiyepuliza sawasawa alirudia. Karakana ilikuwa ukungu mtupu. Vijana walitoka weupe hadi kope, naye akawaita lamingtoni, kwa ile keki ya kunyunyiziwa nazi. "Haya, lamingtoni wangu, mkale!" Walikula mikate yao palepale, bila kunawa. Mimi nilikuwa nikipita kuazima koleo, nasimama mlangoni nacheka nao.

Lile vumbi lilikuwa na asbesto. Mwaka 1986 kulikuja waraka wa kuonya kwamba inaua, Aldo akausoma mara mbili, akazima kompresa siku hiyohiyo na kuleta ndoo za maji na matambara. Miaka ile hakuna aliyeugua, na wengi wetu tulisahau. Daktari ametueleza kwamba kitu hicho kinaweza kukaa kifuani kimya miaka arobaini. Kuna picha ya walimu wa karakana ya mwaka 1978, tuko watano mlangoni, tumechafuka, tumefurahi. Aldo ni wa nne kufa.

Aligundulika kuwa na saratani ya utando wa mapafu Februari mwaka huu. Hakuniuliza atapona au hatapona. Aliuliza madaftari ya mahudhurio yako wapi. Tuliyapata stoo ya chuo, ya mwaka 1970 hadi 1986, naye akapanga majina yote kwa alfabeti, walimu humohumo, akaanza kupiga simu, kila siku baada ya chai, huku mashine ya oksijeni ikikoroma kando yake. Neno lake lilikuwa moja. "Aldo Bressan hapa. Nilikufundisha vibaya. Nenda ukapigwe picha ya kifua." Wengine walicheka. Mmoja alimtukana, Aldo akasubiri amalize, kisha akamtajia neno lake tena.

Alipofika H simu ililia mfukoni mwangu. Tulikuwa meza moja, jikoni kwake, mimi namenya embe.

"Hallo," akasema, ananikazia macho. "Naongea na Bwana Hallinan?"

"Acha utoto, shemeji."

"Bwana Hallinan, kikohozi hicho kina muda gani?"

"Ni sigara hii."

"Sigara uliacha mwaka tisini na moja. Nilikuwepo, ulikuwa huvumiliki."

"Nitakwenda."

"Lini?"

Nikakata simu. Yeye akaendelea kuishika sikioni, akinitazama. Dada yangu alitoka nje.

Mwalimu Aldo alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, akiwa na miaka sabini na mitano, mikononi mwa mkewe. Siku mbili kabla alinipa orodha. Alikuwa amemaliza L. Hakuweza tena kusema, akanigonga kifuani kwa kidole, mara mbili. Nikamwahidi kwamba nitaimaliza.

Leo ni siku ya kumi tangu aondoke na sijampigia hata mmoja. Nimeshika simu kila asubuhi. Naogopa, jamani. Najua mtu wa kwanza ataniuliza, "Na wewe, Merv, umeshapima?" Nami sijapima, kwa sababu naijua ile picha ya 1978 na najua nani amebaki. Wakati mimi naogopa, huenda kuna mtu anakohoa mahali fulani na kunywa dawa ya mafua.

Ameacha mjane, Noreen; watoto wawili, Gina na Carlo; wajukuu watano; dada yake Pia, huko Ingham; na wanafunzi wa M hadi Z, ambao sijui wangapi bado wako hai. Shemeji, ulale salama, umechoka vya kutosha.

Jumanne saa tatu asubuhi napigwa picha ya kifua. Noreen ndiye atakayenipeleka, maana haniamini. Jumatano, majibu yawe yoyote yale, naanza na M. Itakuwa namba msiyoijua. Pokeeni.