Sanduku la Sudha Lisifungwe

Sikilizeni wanangu, na mniinulie mto kidogo, maana nikilala chali maneno yananirudi kooni. Ketan, kaa huku kulia. Nirali, acha kupanga dawa, zimeshamaliza kazi yake. Leo sisemi Kigujarati, nasema Kiswahili, ili Mwanamkuu aliyeniogesha na kunilisha tangu nianguke asikie kila neno, awe shahidi siku mtakapoanza kusema mama hakusema hivyo.

Duka la vitambaa la Kariakoo ni lako Ketan, kwani wewe ndiwe uliyelihangaikia tangu biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa anapanda ndege kwenda Dubai kuleta mali, na wenzetu waliozoea zama za uhaba wakafunga milango. Nyumba hii ya Mchafukoge ni ya Nirali, aolewe asiolewe, na mtu asimletee maneno. Bangili zangu za dhahabu zigawanywe mafungu matatu. Ndiyo Ketan, matatu, usiangalie dirishani. Nimezaa watatu.

Marehemu baba yenu Devendra alikataza jina la dada yenu Dipti lisitajwe humu ndani tangu alipoolewa na Athanas, fundi cherehani wa Buguruni, Mkristo wa kutoka Songea, mtu mpole kuliko sisi sote. Nilinyamaza mbele ya mume wangu, lakini moyo haukunyamaza. Mtoto akikunyea mkononi, mkono haukatwi.

Dipti ndiye aliyeliandikisha jina la duka letu kwenye intaneti, wakati ninyi mlikuwa mkiona kompyuta ni ya kuchezea karata. Nilikuwa nasukuma chapati, akanieleza: "Mama, jina ni moja lakini lina rekodi mbili. Moja inawaelekeza watu tovuti iko wapi, nyingine inazielekeza barua pepe ziende wapi. Duka letu likihamia mtaa mwingine, sanduku la posta si linabaki palepale? Ndivyo hivyo." Tovuti akaiweka kwa kampuni ya nje, barua kwa kampuni ya hapa mjini, kisha akanifungulia sanduku langu mwenyewe, la jina la Sudha, mimi nisiyejua hata kuiwasha hiyo mashine. Haukupita muda akaondoka.

Kila Diwali barua yake ilikuja. Nirali alinisomea dukani, sauti ya chini, baba yenu akiwa ameenda kula. Mara yuko Masasi, mara Tunduru, wanahamahama na cherehani zao, anaandika kutoka intaneti za kulipia. Aliniambia mtoto wake hataki pilipili, nikacheka hadi wateja wakageuka.

Halafu mwaka juzi Ketan ukapata kampuni mpya ya tovuti. Sikulaumu kuhama. Ila ulichagua siku ya Diwali, kwa kuwa ndiyo siku tunayofungua vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa mali, ukasema jina la duka nalo lianze upya na baraka. Ukaipaka kompyuta rangi nyekundu ya ibada, ukahamisha kila kitu, tovuti na barua kwa pamoja, ukidhani jina lina nyumba moja tu. Kampuni mpya ilipouliza masanduku ya nani yafunguliwe, ukataja la mauzo, lako na la Nirali. La Sudha ukaliacha, kwani mama anajua nini kompyuta? Hukukusudia ubaya, najua. Lakini ile kampuni ya zamani ilifuta vyote, barua za Dipti na anuani yake humo humo, na maji yakimwagika hayazoleki. Nirali alibahatisha anuani, barua zikarudi, moja ikajibiwa na mtu asiyetujua kabisa. Sanduku langu akalifungua tena, limekaa tupu hadi leo.

Nirali ndiye aliyenieleza mashine inavyomjibu mtu anayeliandikia sanduku lisilokuwapo: hakuna mtu wa jina hili hapa. Wanangu, hilo ndilo linaloniua, si figo. Mwanangu aliniandikia siku ya Diwali, na mashine ikamjibu kwa niaba yangu. Alidhani nini? Kwamba nimekufa? Au kwamba hata mimi nimemfungia mlango? Tangu hapo namwona kila mahali. Nilikuwa nikikaa dukani namwona anapita kati ya wapagazi na mikokoteni, mgongo ule ule, natoka mbio, mwanamke anageuka, si yeye. Humu ngazini nasikia bangili zake zinapanda, zinafika mlangoni, zinanyamaza. Mwanamkuu amefungua mlango huo hadi amechoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi shikeni haya. Nimesikia mnataka kuhama tena. Tovuti ipelekeni mnakotaka, lakini rekodi ya barua isiguswe mpaka sanduku la Sudha limefunguliwa huko liendako, mkaliandikia, likapokea. Jina lilipiwe kabla muda wake haujaisha. Na neno la siri la sanduku hilo nampa Ketan, si Nirali. Utalifungua kila asubuhi kabla hujafungua duka. Dada yako akiandika, umjibu kwa jina lako, na Athanas umwite shemeji.

Limebaki moja zito. Hatujui alipo, lakini tovuti yetu aweza kuisoma popote. Nataka maneno yangu yakae ukurasa wa kwanza, juu ya satini na vitenge vyote. Ulinikatalia kwa heshima ya baba yako, ukaogopa watu wa hekaluni. Waache waseme. Baba yako hayupo, nami naondoka.

Leteni vichwa niviguse. Mungu awape riziki ya halali na mlango usiokosa mgeni. Nirali, umenibeba, nawe ubebwe.

Ketan, kalamu. Pumzi... chache, nitasema mara moja. Andika: Dipti mwanangu, mama yako hakukufukuza. Mashine ilisema uongo. Andika tena kwa Sudha. Kaka yako anasubiri barua yako. Umeandika? Hilo la kaka usiliruke.

Sasa nenda dukani ukayaweke kwenye tovuti. Najua... roho inapotoka, mtoto wa kiume ndiye anayemtilia mama maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, mdomoni. Leo atanitilia Nirali. Nenda, mwanangu. Usinisubiri.