Mzee Elisaria Urio na Wanafunzi wa Sebuleni Kwake

Marehemu Mzee Elisaria Ndetaramo Urio alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 kijijini Mamba, katika kihamba hikihiki, shamba la ukoo, tulimosimama leo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndetaramo na Mama Anaeli. Alizaliwa siku ya kuchuma kahawa. Mama yake alikuwa akisema kikapu hakikujaa siku ile na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1956 katika shule ya misheni, akamaliza la nane mwaka 1963. Hesabu zilimkataa, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata mwalimu mkuu akawa anamwita kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake waliomshinda.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi, akipanga magunia. Kuanzia 1974 alikuwa mwonjaji: anafyonza kahawa kwa kijiko, anaitembeza mdomoni, anaitema, anasema neno moja, na neno hilo halipingwi. Alistaafu mwaka 2002. Nyumbani kwake Shirimatunda, pembeni ya mji, kahawa hakuigusa. Alikunywa chai, tena inayotokota. Iliyopoa aliiita maji ya kunawia, na mgeni aliyepuliza kikombe alichekwa mpaka akome.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na Eunike, binti wa Mzee Mmasi wa Marangu, aliyeshika namba ya kwanza darasani, wasichana kwa wavulana. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mjukuu wao Gladness, binti wa mwana wao Daniel, aliishi nao tangu alipoanza masomo ya udaktari.

Januari mwaka huu Gladness aliomba sebule kwa ajili ya kazi ya kikundi. Walikuja wanafunzi sita na laptopu zao. Mama Eunike alidhani wataletwa wagonjwa, akafua mashuka. Hakuja mgonjwa. Walikuwa wanasoma tafiti za watu wengine, kutoka nchi ambazo hata wao hawajafika, wapate kujua kama chai ya moto sana inaleta kansa ya koo la chakula. Walianza na makala elfu moja na mia mbili. Wawili wawili walisoma makala ileile bila kusemezana, kama watu waliogombana, kisha wa tatu akawaamua. Nyingi zilitupwa.

"Mbona mnatupa, na watu wameziandika?" Mama Eunike aliuliza.

"Hazijibu swali letu, Bibi," alisema Fahad, kijana wa Majengo, msemaji kuliko wote.

Mama Eunike hakuelewa, na hajaelewa mpaka leo.

Mwezi huohuo marehemu aliacha nyama, akaacha ndizi za kukaanga, akataka mtori tu, supu ya ndizi za kuponda. Kwa kuwa mtori ni chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua, vijana walipata la kusema.

"Shikamoo Babu, hongera! Tumepata mtoto gani?" Fahad alimtania.

"Marahaba. Mapacha. Mmoja anafanana na wewe, nimemkataa."

Sebule nzima ilicheka, na Mama Eunike alicheka kwa sauti kuliko wote huku akiponda ndizi.

Siku moja ya Machi marehemu aliuliza kama mtu anayechokoza: "Na mtu ambaye nyama haishuki, huyo mmemwandikaje?"

Gladness alijibu bila kuinua macho. "Hiyo ni dalili, Babu. Sisi tunatafuta chanzo. Za dalili tumeziondoa."

"Haya," alisema, akaenda kuangalia ng'ombe.

Tarehe 9 Mei waliwasilisha kazi yao chuoni, wakasifiwa. Marehemu alitaka jibu. Gladness akamwambia inawezekana, ila ushahidi hautoshi kusema kwa uhakika. "Miezi minne," alisema marehemu, "na mimi nilikuwa nasema neno moja kwa kijiko kimoja."

Jumapili tarehe 25 Mei marehemu na mkewe waliwaandalia vijana mbuzi wa pongezi. Fahad ndiye aliyechinja, ili wote wale. Marehemu alipewa kidari, nyama ya mkubwa wa nyumba, na mbele ya wageni mkubwa wa nyumba hakikatai. Tonge la kwanza lilikwama. Gladness alimshika mgongo, akamtazama shingo na mashavu yalivyoingia ndani, akakaa chini sakafuni. Hospitalini waliingiza kamera kooni. Ilikuwa kansa, na ilikuwa imegundulika kwa kuchelewa.

Baada ya hapo maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema binti alisoma makoo ya Wachina huku la babu yake likiziba. Gladness alifunga madaftari, akasema harudi chuoni. Mama Eunike hakujua amkemee nani, maana mtori aliupika yeye. Alimuuliza mumewe kwa nini alinyamaza. Alijibu, "Nilidhani watafika kwangu." Alikuwa akitania au la, hakuna anayejua.

Mwezi Agosti alimwagiza Gladness alete zile makala zilizotupwa, za dalili, amsomee kwa Kiswahili. Alisomewa kumi na saba. Ya kumi na nane haikumalizika. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 78.

Kabla ya hapo alimshika mkewe mkono akasema wasifu wake usisomwe na mchungaji wala Daniel, usomwe na mjukuu. Ndiyo maana sauti mnayoisikia ni ya Gladness. Mama Eunike ameandika, yeye anasoma, yote, hata yanayomhusu. Jumatatu anarudi chuoni. Mwenye swali na amuulize Mama Eunike.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Bwana ampokee, na kihamba cha baba yake kimlaze kwa amani. Amina.