Kaka Benchi: Alikaa Kwanza, Akatengeneza Baadaye

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi redio na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitindamimba wao.

Alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1982. Kabla ya hapo alikuwa amefungua redio tatu za wateja na kushindwa kuzifunga. Baba alisema mtoto huyu ama atakuwa fundi, ama atatufukuzisha mtaani.

Mwaka 1991 alianzisha kampuni yake ya kwanza ya programu za kompyuta. Aliitengenezea hospitali mfumo wa foleni bila kukanyaga hospitali yenyewe. Ulifungwa Jumatatu, ukang'olewa Ijumaa, na kampuni ikafa. Tangu hapo akajiwekea sharti: kabla ya kutengeneza chochote, ukakae kimya kutwa nzima pamoja na watakaokitumia. Kampuni zake mbili zilizofuata zilisimama imara. Vijana zaidi ya sitini aliowalea katika kazi hiyo walilitimiza sharti wakinung'unika, wakambandika jina la Kaka Benchi.

Tarehe 6 Agosti 1994 alimwoa muuguzi ambaye alikuwa amemfukuza mara mbili kwenye benchi la wagonjwa, akidhani ni mzururaji. Walijaliwa mabinti wawili.

Mei mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Foleni ya hospitali iliendeshwa na mfumo wa vijana wake, na wauguzi walitaka kumpitisha mbele. Akakataa. Nilimfokea mbele za watu, nikamwambia ukaidi wake utamuua.

"Niache nikae, mdogo wangu," alinijibu. "Yule bibi namba yake imempita mara mbili. Haioni skrini."

Siku hiyohiyo aliwaandikia vijana wake kwamba namba ziitwe kwa sauti. Mimi sikumwomba radhi, na hilo linaniuma sana.

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake wawili, na vijana wake wote.

Jana nilikwenda hospitali kuchukua kibali cha mazishi. Nilikaa kwenye benchi lilelile, machozi yamenijaa, skrini siioni. Sauti ikaita namba yangu.

Nimeisikia, Kaka. Nisamehe, na upumzike kwa amani.