Robo Peni ya Mzee Zephania

Waombolezaji wenzetu, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu Zephania Mmari, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Machame, Kilimanjaro, mtoto wa kwanza wa mzee Melchior, dereva wa chama cha kahawa.

Mwaka 1957 alianza shule, na siku hiyo baba yake akampa robo peni ya Kiingereza aliyoachiwa na mzungu mmoja wa shamba, sarafu ndogo ya shaba ambayo Machame haikununua hata pipi, upande mmoja mfalme, upande wa pili ndege mdogo aliyesimamisha mkia, na juu ya ndege mwaka 1949, mwaka wake mwenyewe. Mdogo wake, Abednego, aliililia sarafu hiyo wiki nzima, hakupewa.

Baada ya kusomea ufundi Moshi, mwaka 1970 aliajiriwa kiwandani Arusha, tarehe 8 Desemba 1979 akafunga ndoa na Raheli, muuguzi, na Mungu akawajalia binti mmoja, Miriam. Mwaka 1996 walihamia Sydney, Raheli akaendelea kuuguza, yeye akachonga vyuma kiwandani Wetherill Park hadi alipostaafu mwaka 2015.

Tuseme ukweli, mwanzoni Sydney haikumkaa moyoni, mpaka asubuhi moja nyuma ya nyumba yao Merrylands alipomwona ndege mdogo wa kahawia, mkia juu, akaingia ndani mbio, akatoka na sarafu, akamtangazia mkewe kwamba yule ndege wa baba kumbe amewatangulia huku. Miriam, aliyekuja kusomea viumbe chuoni Kensington, alimweleza taratibu kuwa ndege wa Uingereza na wa hapa hawana undugu wowote, naye akajibu kuwa mkia ni ule ule, inatosha, na hakuna mgeni aliyekunywa chai kwake bila kuoneshwa kwanza sarafu, kisha ndege.

Raheli alifariki tarehe 2 Agosti 2019, akazikwa hapa hapa. Mwaka 2023 mzee alianza kuugua figo, akasema wazi kuwa atalala kando ya mkewe, jambo lililoukata ukoo maini, maana kwetu Uchagani mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la baba zake. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, na Mzee Abednego akafunga safari kuja kuudai mwili wa kaka yake, nasi, hatufichi, tulimwogopa.

Juzi Miriam alimwekea baba yake mdogo ile robo peni mkononi. Mzee Abednego aliitazama, akalia kama alivyoililia utotoni, kisha akatamka mbele yetu sote kuwa kaka abaki na mkewe, na sarafu ataizika yeye mwenyewe kihambani, miguuni pa baba yao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Merrylands, wenzake wa kiwandani, na Mama Chibalonza na dada zetu Wakongo, waliotupikia tangu msiba uanze.

Pumzika, mzee wetu, hapa kando ya Raheli. Ndege wako anarudi kwa baba.